Ukurasa wa Vipimo vya Kasuku

Wengi mmeniandikia kupitia mhariri. Wachache mmenipa pole, mliobaki mmenipa vidonge vyangu. Mmoja kasema mwanamke anayeshona sare za watoto na huku anaficha jambo juu ya mtoto aliyekufa, sindano zake zote zingemgeukia. Sikuudhika. Leo nalitoa lile nililolizungukazunguka wiki tano nzima, na nikimaliza mtaona kwamba huyo aliyenitukana alinihurumia.

Kwa aliyeokota gazeti hili leo: mimi ni fundi cherehani. Wazazi walinichagua niwawakilishe kwenye bodi ya shule ya msingi iliyo nyuma ya soko. Wajumbe wenzangu wakanipa kazi ya kuandika kumbukumbu za vikao, maana mwandiko wangu ni mzuri, na mimi mwenyewe naujua kuwa ni mzuri.

Asubuhi moja, wakati wa mapumziko, chuma cha kushikia cha ngazi ya ghorofani kiling'oka. Mtoto wa darasa la sita alikuwa amekiegemea. Siku ya tatu alifariki hospitalini.

Bodi ikasema mwenye kosa ni mfagizi wa shule. Aliona chuma kimelegea, asimwambie mtu.

Alimwambia mtu. Mtu mwenyewe ni mimi.

Siku za kikao nilizoea kufika mapema, tepu shingoni, nikawapima watoto wenye kuhitaji sare pale kwenye baraza ya ofisi. Kitabu changu cha vipimo ni kile chenye karatasi ya kaboni. Ukurasa wa juu nabaki nao, wa chini mteja anaondoka nao, asije kesho akaniambia nimemkosea kiuno.

Siku hiyo alikuja msichana mmoja mwembamba, mchangamfu, ambaye kila namba niliyoitaja aliirudia.

"Kifua sabini na mbili."

"Sabini na mbili!"

"Kiuno sitini."

"Sitini!"

"Wewe kasuku nini?"

"Kasuku nini!" akasema, akacheka mpaka tepu ikaniponyoka. Tangu hapo nikamwita Kasuku, na yeye akalipenda jina.

Tepu ilikuwa bado inaning'inia kiunoni mwake alipotokea mfagizi. Watoto humwita Mzee Funguo, kwa sababu ndiye anayefungua madarasa yote na funguo zake humlilia kiunoni kila anapokwenda. Akavua kofia.

"Mwanangu, wewe ndiwe mwandishi wa wakubwa. Waambie hawa watu. Chuma cha ngazi kule juu kimelegea. Nimekifunga kamba, lakini kamba itashika nini?"

Kasuku akadakia. "Sisi tunakiita jino bovu! Tunakitikisa."

"Msikitikise," Mzee Funguo akamwambia. "Umesikia?"

"Nimesikia."

Nikaandika papo hapo, chini ya urefu wa sketi: *Chuma cha ngazi ya juu kimelegea, mfagizi aomba kitengenezwe.* Mzee aliniona nikiandika. Akashukuru, akaenda zake. Nikamchania Kasuku karatasi yake, naye akarudi darasani anakimbia.

Sasa niwape siri ya bodi yetu, na msishangae sana mkisikia kwamba bodi nyingine nazo ziko hivyo hivyo. Kumbukumbu za kikao nilikuwa naziandika kabla ya kikao.

Naam. Nilikuwa nakaa dukani, nachukua kumbukumbu za kikao kilichopita, nanakili. Mwenyekiti alifungua kikao. Wajumbe walipokea taarifa ya mwalimu mkuu. Wajumbe walipongeza. Tuliapishwa tukapewa kijitabu cha wajibu wetu, na ndani yake mmeandikwa kwamba mjumbe atakagua majengo kila muhula. Basi nami kila muhula niliandika kwamba wajumbe walikagua majengo. Tulikuwa tunayaona vizuri tu kupitia dirisha la ofisi, kikombe cha chai mkononi. Mwisho wa yote niliandika: *Mengineyo: Hakukuwa na mengineyo.* Nilichoacha wazi ni saa ya kufunga.

Kikao kile kikafika mwisho. Mwenyekiti wetu, mwenye duka la dawa pale barabara kuu, ana namna yake ya kuuliza.

"Mengineyo? Hakuna. Tufunge."

Nilifungua mdomo, naapa. Halafu nikautazama ukurasa wangu. Herufi zimelala upande mmoja, hakuna hata sehemu moja iliyofutwa, na pale chini pameandikwa kwamba hakukuwa na mengineyo. Ningesema, ningelazimika kukata ule mstari au kuandika upya ukurasa mzima. Nikaona uvivu. Nikasema nitamwambia mwalimu mkuu kesho.

Kesho yake nilikuwa na gauni la bibi harusi. Keshokutwa nikasahau. Siku ya sita jino bovu likang'oka.

Mtoto alikufa kwa sababu sikutaka kuchafua ukurasa. Ndilo hilo. Nimelisema.

Tangu mazishi sikumpima mtoto nikapona. Mimi si mtu wa kuona vitu, na anayenijua anajua hivyo. Lakini nikimzungushia mtoto tepu nikasema "sitini na tano," nasikia nyuma ya bega langu namba ikirudiwa. Nageuka, hakuna mtu, ila sare ya Kasuku niliyoimaliza siku ile ile aliyokufa, imetundikwa msumarini. Ikafika mahali nikawa napima kimya kimya. Wateja wakadhani nina kiburi.

Basi Jumatatu mwenyekiti akaja dukani kwangu. Ndani alikuwemo mama mkwe wangu, anayenisaidia vifungo na maneno.

"Shikamoo mama," mwenyekiti akamwambia mama mkwe, kisha akanigeukia. "Mwandishi wetu, Jumatano saa kumi tuna kikao cha dharura. Hebu tuandalie kumbukumbu mapema kama kawaida yako."

"Niandike nini?"

"Kwamba bodi imejiridhisha mfagizi hakutoa taarifa kwa mtu yeyote. Na kwamba bodi imeazimia kumwachisha kazi na kumkabidhi polisi. Saa ya kufunga acha wazi."

"Na kama alitoa?"

Mwenyekiti akatabasamu kama anayekupa dawa ya mtoto. "Kama alitoa, basi yupo aliyeipokea akaikalia. Huyo ndiye atakayekwenda mahali pa mfagizi. Unamjua?"

"Simjui."

"Nami simjui. Tuonane Jumatano."

Alipotoka mwenyekiti, mama mkwe akakata uzi kwa meno. "Huyu mtu ananuka sabuni. Na wewe umekuwa mweupe kama chaki. Una nini?"

"Njaa, mama."

"Njaa ya saa tatu asubuhi!" Akarudi kwenye vifungo vyake.

Jumatano ilikuwa mbali, nikajiambia. Nina watoto wawili katika shule ile ile. Nikienda jela nani atawalea, baba yao aliye safarini mwezi mzima? Nikajiambia pia kwamba mfagizi ni mzee, watamhoji siku moja watamwachia. Mtu akitaka kujidanganya hakosi la kujiambia.

Jumanne asubuhi Mzee Funguo mwenyewe akaingia, koti lake la kazi mkononi.

"Mwanangu, mfuko umechanika. Nishonee, na kama una moto kwenye pasi, ninyooshee kidogo. Kesho nasimama mbele ya wakubwa. Sitaki wanione kama mtu aliyelala jalalani."

Nilipokea koti. Sikuweza kumtazama usoni. "Una wasiwasi, mzee?"

"Wasiwasi wa nini?" Alicheka, na lile pengo lake mbele likaonekana. "Wenzangu wananiambia nitafute wakili. Nikawauliza, wakili wa kazi gani, na mimi niliona kwa macho yangu jambo langu likiandikwa? Nimewaambia wakamwulize mwandishi tu."

"Umewaambia nani?"

"Kila mtu. Hata mke wangu alikuwa halali. Nimemwambia alale, yule binti aliandika."

Alipoondoka nilikaa kwenye kiti cha cherehani na koti mapajani, nikalia. Mama mkwe alinisogezea kitambaa cha bitana nifutie uso.

Nikapiga moyo konde. Nikasema kesho nitakwenda na kitabu changu, nitaufungua ule ukurasa mezani, na liwalo na liwe. Nilikuwa nimeamua. Ningependa mliamini hilo hata kama hamtaamini lingine.

Mchana ule ule akaingia mama yake Kasuku.

Alikuwa amekonda mpaka kanga inamzunguka mara mbili. Alisimama chini ya ule msumari, akaishika sketi ya mwanawe kwa vidole viwili kama mtu anayejaribu kitambaa kabla ya kununua. Nikadhani amekuja kuichukua.

"Nikufungie, dada?"

"Hapana. Nguo iache kwanza." Akakaa. "Nimekuja kuomba vipimo vyake."

"Vipimo?"

"Sikuwahi kumpima mwanangu. Nilijua tu ananifika hapa." Akaweka kiganja chini kidogo ya bega lake. "Usiku najaribu kukumbuka alikuwa na upana gani, nikimkumbatia mikono ilikuwa inafika wapi. Nasahau, dada fundi. Mwezi haujaisha na mimi nasahau. Wewe ulimpima. Nipe ule ukurasa wenyewe, ulioandika akiwa amesimama mbele yako."

Kitabu kilikuwa juu ya meza ya kukatia, kati yake na mimi. Chini ya urefu wa sketi ya mtoto wake palikuwa na ule mstari.

Ule uamuzi wangu wa asubuhi, sijui ulikwenda wapi. Kusema mbele ya bodi niliweza kujikaza. Kumwambia mama huyu, hapa, chini ya nguo ile, sikuweza.

"Ukurasa umejaa mafuta ya cherehani," nikasema. "Ngoja nikunakilie vizuri."

Nikachukua karatasi safi. Bega thelathini na nne. Kifua sabini na mbili. Kiuno sitini. Nyonga sabini na sita. Mkono ishirini. Urefu wa blauzi hamsini na tano. Urefu wa sketi hamsini na nane. Herufi zangu zote zikalala upande mmoja. Nyuma ya bega langu kila namba ilirudiwa, na mama yake ameketi pale pale hasikii kitu.

Aliipokea kwa mikono miwili.

"Ni vyote?"

"Ni vyote, dada."

"Asante. Mungu akubariki kwa mkono huu." Akanishika mkono wenye kalamu, akatoka.

Nilichokifanya baadaye sikukipanga. Pasi yangu ni ya mkaa. Ilikuwa imeanza kupoa, na koti la Mzee Funguo lilikuwa linangoja. Nikauchana ule ukurasa wa juu kitabuni, nikaukunja mara nne, nikafunua kifuniko cha pasi nikautia juu ya makaa. Ukashika moto, moshi ukatoka kwenye matundu. Nikapuliza.

"Unachoma nini?" mama mkwe akauliza kutoka kwenye pembe yake.

"Karatasi ya kuwashia."

"Mkaa umeshawaka, karatasi ya kuwashia ya nini?"

Nikalitandaza koti, nikalinyoosha mgongo, kola, mikono yote miwili. Mistari ilisimama utadhani koti la afisa. Mzee alipokuja kulichukua alilivaa papo hapo, akajigeuza mbele ya kioo changu, akaniombea watoto wangu wasipate shida maishani.

Jumatano saa kumi tulikuwa saba mezani ofisini. Kumbukumbu zilikuwa mbele yangu, zimeandikwa mpaka mwisho. Bodi imejiridhisha. Bodi imeazimia. Hakukuwa na mengineyo. Mama yake Kasuku alialikwa ili ashuhudie haki ikitendeka. Hayo ni maneno ya mwenyekiti. Alikaa karibu na mlango, mkoba wa shule wa mwanawe mapajani. Hakuna aliyemwuliza ameuleta wa nini.

Mzee Funguo akaitwa. Aliingia na koti lake.

"Ulijua chuma kimelegea?" mwenyekiti akaanza.

"Nilijua. Nikakifunga kamba, nikatoa taarifa."

"Kwa nani?"

Mzee akanyoosha kidole kwangu, bila ubaya wowote, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. "Kwa mwandishi wenu. Siku ya kikao, pale barazani. Aliandika namwona."

Vichwa sita vikanigeukia. Mwalimu mkuu akaacha kuchezea kalamu.

"Mwandishi," mwenyekiti akasema taratibu. "Una maandishi hayo?"

Wasomaji wangu, angalieni alivyouliza. Hakuuliza kama niliambiwa. Aliniachia mlango wazi, nami nikapita.

"Sina maandishi yoyote ya namna hiyo," nikasema.

Ilikuwa kweli tupu. Sikuwa nayo.

Nilingoja Mzee Funguo apige kelele. Alistahili kupiga kelele, anitaje kwa jina la kila mnyama. Yeye akanitazama tu, akapepesa macho, akaanza kujipapasa kipara kama mtu aliyepotewa na kitu.

"Basi labda nilimwambia mtu mwingine," akasema polepole. "Uzee huu. Nilidhani ni wewe, mwanangu. Nisamehe."

Akafungua mshipi, akachomoa fungu lake la funguo, akaliweka mezani mbele yangu, juu ya zile kumbukumbu. Kwa mara ya kwanza nilimwona akisimama bila mlio.

"Kwa hiyo tunaazimia," mwenyekiti akasema. "Mengineyo? Hakuna. Tu…"

"Ninalo moja."

Mama yake Kasuku alikuwa amesimama. Mwenyekiti akatazama saa yake. Katika miaka yangu miwili kwenye bodi ile, hakuna mtu aliyewahi kuwa na moja.

"Sitawachelewesha," akasema. "Jana dada fundi alininakilia vipimo vya mwanangu. Nikataka kuvihifadhi kwenye mkoba wake, na madaftari yake. Mkoba huu sikuwa nimeufungua tangu siku ile. Jana ndiyo nimeufungua."

Akaja mpaka mezani, akasimama upande wangu. Akaweka karatasi yangu safi. Kando yake akaweka nyingine, imekunjwa kwa vidole vya mtoto, maandishi yake ya buluu yenye ukungu.

Ya kaboni.

Niliusahau. Miaka kumi na moja nachana ukurasa wa chini nampa mteja, mkono unafanya wenyewe, kichwa hakipo. Wa juu niliuchoma, na muda wote ule wa chini ulikuwa umelala kwenye mkoba wa Kasuku.

"Mimi shule sikufika mbali," mama akasema. "Lakini kuhesabu najua. Hii ya jana ina mistari saba. Hii ya mwanangu ina minane. Mwandiko ni mmoja. Dada fundi, nisomee huo wa nane."

"Mama, hebu nipe hizo karatasi niziweke kwenye faili," mwenyekiti akasema, mkono umeshanyooshwa.

"Asome kwanza."

Nikaichukua.

"Chuma cha ngazi ya juu," nikasoma.

"Chuma cha ngazi ya juu," sauti ikarudia nyuma ya bega langu.

Nikageuka. Alikuwa Mzee Funguo. Alikuwa ananifuatisha kwa sauti ndogo, machozi yanamshuka, kama mtu anayerudishiwa kitu chake kipande kwa kipande.

"Kimelegea."

"Kimelegea."

"Mfagizi aomba kitengenezwe."

"Kitengenezwe," akasema. "Ndivyo nilivyosema. Hivyo hivyo."

Mama yake Kasuku akaigeuza ile karatasi mkononi mwangu, akapitisha kidole juu ya ule wino uliofifia. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa bado anataka kuelewa.

"Hii ni nakala," akasema. "Mwanangu alinieleza namna unavyoandika. Wa chini anapewa mtoto, wa juu unabaki nao wewe."

"Ndiyo, dada."

"Na jana nilikuomba ule wa juu."

"Ndiyo."

"Uko wapi?"

Mwenyekiti alikuwa anasema kitu, sikumsikia. Nilikuwa natazama koti la Mzee Funguo, jinsi mikono yake yote miwili ilivyonyooka.